Sifa Ishirini au Mafungu Matatu: Mtoto Afundishwe Tauhidi Ipi?

Mtoto aliyesoma chuo cha kizamani cha mwambao, awe wa Lamu, wa Pemba, wa Tanga au wa Bagamoyo, ukimwuliza habari za Mola wake atakutajia sifa: wujudi (kuwepo), qidamu (kutokuwa na mwanzo), baqaa (kutokuwa na mwisho), na kuendelea mpaka zitimie ishirini, kisha akupe na kinyume cha kila moja. Jirani yake aliyesoma madrasa ya siku hizi, kwa walimu waliohitimu Madina au waliosomeshwa na waliohitimu huko, ukimwuliza swali hilo hilo atakwambia tauhidi, yaani kumpwekesha Mungu, ina mafungu matatu: tauhidi ya rububiya (Yeye peke yake ndiye Muumba na Mwendeshaji), tauhidi ya uluhiya (Yeye peke yake ndiye wa kuabudiwa), na tauhidi ya majina na sifa. Wote wawili wanasoma Suratul Ikhlas, na mara nyingi wanaswali nyuma ya imamu mmoja. Ila wakishakuwa watu wazima na kukutana penye mjadala, wa kwanza anamwona mwenzake Wahabi asiye na adabu kwa mawalii, na wa pili anamwona mwenzake mtu aliyekariri falsafa ya Wayunani akaiacha tauhidi ya Mitume.

Ugomvi huu umegawa misikiti na umeingia mpaka majumbani, ndugu wa tumbo moja wakashindwa kukaa pamoja kwenye hitima ya baba yao. Unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu pande zote mbili zinagombana kwa wivu wa kitu kimoja, upweke wa Mwenyezi Mungu. Ninavyoona mimi, kila mtaala ulizaliwa kujibu swali lake, na kila mmoja una tundu ambalo mwenzake analiziba. Kosa kubwa linaanza pale mtaala unapogeuzwa mizani ya kupimia Uislamu wa mtu mwingine.

Sifa ishirini zimetufikia kwa mpangilio wa Sheikh Muhammad bin Yusuf as-Sanusi wa Tilimsani, mji ulioko Aljeria ya leo, aliyefariki mwaka 1490. Risala yake fupi, Ummul Barahin, ilisambaa kutoka Maghribi mpaka visiwa vya Indonesia. Watoto wengi wa kwetu hawakuisoma yenyewe. Walikariri mashairi yaliyotungwa juu ya msingi wake, hasa Aqidatul Awamu ya Sheikh Ahmad al-Marzuqi, mwanazuoni wa Makka wa karne ya 19. Mgao wake unajulikana: sifa moja ya nafsi, nayo ni kuwepo, tano za kumtakasa Mola na upungufu, ambazo ni kutokuwa na mwanzo, kutokuwa na mwisho, kutofanana na viumbe, kusimama kwa nafsi yake na upweke, saba za maana, yaani uwezo, utashi, ujuzi, uhai, kusikia, kuona na kunena, kisha saba nyingine zinazotokana na hizo saba, kuwa kwake Mwenye uwezo, Mwenye kutaka, Mwenye kujua, mpaka mwisho.

Anayedhani orodha hiyo ni ya kukaririwa tu hajaiangalia vizuri. Chukua sifa moja, wahdaniya, yaani upweke. Walimu wake wanaifungua milango mitano. Dhati ya Mungu, yaani nafsi yake, haikuundwa kwa sehemu. Hakuna dhati nyingine mfano wa dhati yake. Hana uwezo mbili wala ujuzi mbili. Hakuna mwingine mwenye sifa kama zake. Na hakuna mtendaji mwingine yeyote pamoja naye. Mlango huu wa tano ndio mzito, na nitaurudia. Kisha huja dalili. Lau wangekuwapo miungu wawili, mmoja akataka kitu kitikisike na mwingine akataka kitulie, ama yatimie matakwa ya wote wawili, jambo lisilowezekana, ama ashindwe mmoja, na aliyeshindwa si mungu. Qur'ani imeligusa hilo katika Suratul Anbiya, aya ya 22: lau wangekuwamo mbinguni na ardhini miungu wengine ghairi ya Mwenyezi Mungu, zingeharibika. Kijana aliyefundishwa hoja hii kwa kuielewa hatikisiki akiulizwa na mwenzake wa chuo kikuu, "Na Mungu aliumbwa na nani?" Amekwisha soma kwamba anayehitaji wa kumuumba ni mwenye mwanzo, na Mola hana mwanzo.

Mtaala huu haukutungwa chumbani na watu waliopenda maneno magumu. Ulitokana na vita vya fikra vilivyodumu karne kadhaa. Muutazila, kundi la wanazuoni waliotanguliza akili na kujiita watu wa uadilifu na tauhidi, walisema ukimthibitishia Mungu ujuzi wa milele na uwezo wa milele vilivyo mbali na dhati yake, umethibitisha vitu vingi vya milele, na tauhidi yako imekwisha. Kwa msingi huo huo wakasema Qur'ani imeumbwa. Mwaka 833 Khalifa al-Maamun akaigeuza kauli hiyo kuwa mtihani wa serikali, makadhi na wanazuoni wakaitwa kuulizwa mmoja mmoja, na Imamu Ahmad bin Hanbal akafungwa na baadaye kupigwa mijeledi kwa kukataa. Ndipo al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 936 baada ya kutoka kwa Muutazila, akatafuta njia ya kuzithibitisha sifa bila ya kuigawa dhati. Kwa upande mwingine walikuwapo wanafalsafa waliosema ulimwengu wenyewe ni wa milele. Ukijua hayo utaelewa kwa nini qidamu imewekwa mbele namna ile, na kwa nini msomi wa Tilimsani aliona mtu wa kawaida lazima aijue.

Sasa lawama. Ya kwanza, ambayo mimi naiona ina uzito wa kweli, ni kwamba katika zile ishirini huioni rehema. Mola aliyejitambulisha kwetu kwa Rahmani na Rahimu mwanzoni mwa kila sura isipokuwa moja, mtoto anafundishwa sifa zake kwa mwaka mzima na neno hilo halimo. Wenye mtaala wanajibu kwamba ukamilifu wa Mungu hauna idadi. Hizi ishirini ni zile ambazo akili inaweza kuzisimamishia dalili, ndiyo maana zikawa wajibu kuzijua kwa kina, na rehema inarejea kwenye utashi wake wa kuwatakia waja kheri. Jibu hilo ni sahihi kwa mwanafunzi wa elimu ya kalamu, yaani ya kutetea itikadi kwa hoja za akili. Kwa mtoto wa miaka minane halitoshi. Huyo anahitaji kumpenda Mola wake kabla ya kumtolea hoja.

Lawama ya pili inasema mtaala unathibitisha Muumba mmoja kisha haumwambii mtu amwabudu peke yake. Ndipo penye mgongano wenyewe, na hapa inabidi tuingie kwenye shahada. Kwa Sanusi, "la ilaha illallah" maana yake ni kwamba hakuna asiyehitaji chochote, naye akahitajiwa na kila kitu, isipokuwa Allah. Kwa Ibn Taymiyya, aliyefariki Dameski mwaka 1328, tafsiri kama hiyo inaishia kwenye uumbaji na uwezo. Shahada inasema hakuna anayestahiki kuabudiwa isipokuwa Allah. Wa kwanza anaanzia kwa Mungu alivyo, na ibada inafuata yenyewe: nani atamsujudia mhitaji mwenzake? Wa pili anaanzia kwa mja anachotakiwa kufanya, maana watu wamejua Muumba ni mmoja na bado wamesujudia wengine.

Mafungu matatu yanatokana na hoja hii ya pili. Watetezi wake wanaonyesha mbegu zake kwa wanazuoni wa kale, kama Ibn Batta, aliyefariki mwaka 997. Ila aliyeipa nguvu ni Ibn Taymiyya, Ibn Abil-Izz akaitia katika sherehe yake ya itikadi ya at-Tahawi, na Muhammad bin Abdulwahhab wa Najd, Uarabuni ya kati (1703–1792), akaifanya bendera ya wito wake. Kwa wanaosema mgao huu ni bidaa, yaani uzushi katika dini, kwa kuwa Mtume hakuutaja, jibu lao ni zuri: hata wanasarufi waligawa maneno ya Kiarabu kuwa jina, kitenzi na herufi, na hakuna aliyewaambia wamezua lugha mpya. Hoja hiyo inawafaa na wenye sifa ishirini vilevile. Hakuna Sahaba aliyekariri ishirini wala tatu. Anayeukataa mtaala wa mwenzake kwa sababu hiyo peke yake, na wake lazima aukunje.

Nguvu ya mafungu matatu ni kwamba mwanafunzi anajifunza kwa maneno ya Qur'ani yenyewe. Aya ya 61 ya Suratul Ankabut inasema ukiwauliza washirikina nani aliyeumba mbingu na ardhi, watasema ni Allah. Aya ya 3 ya Suratu Zumar inatunukulia udhuru wao: hatuwaabudu hawa ila wapate kutusogeza karibu na Allah. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimwagiza kuanza na jambo moja, kuwaita watu wampwekeshe Mwenyezi Mungu, kabla ya swala na zaka. Mwalimu wa uluhiya anaziweka aya hizo mbele ya mtoto, kisha anamwuliza: dua ni ya nani? Nadhiri ni ya nani? Kuchinja ni kwa ajili ya nani? Nani anaapiwa? Hapo tauhidi inaingia jikoni, inaingia kwenye uzazi na ugonjwa, inamkuta mtu akiwa na kuku mweusi mkononi anaelekea kwa mganga.

Nilisema nitaurudia ule mlango wa tano. Watu wa mafungu matatu wanapenda kusema sifa ishirini hazina la kusema juu ya hirizi na mizimu. Si kweli. Sanusi anasema wazi kwamba moto hauunguzi kwa tabia yake, kisu hakikati kwa nguvu yake, chakula hakishibishi chenyewe. Anayeunguza, anayekata na anayeshibisha ni Allah peke yake, na vitu hivyo ni ada tu, yaani desturi, aliyoiweka. Anayeamini vinatenda kwa tabia yake amemhukumia ukafiri. Ikiwa hata moto umevuliwa nguvu, kuna nini kilichobaki kwenye karatasi iliyoshonewa ngozi? Mtoto aliyeielewa wahdaniya mpaka mwisho hawezi kumwogopa mchawi. Tatizo la vyuo vingi ni kwamba mlango huo wa tano unakaririwa kwa Kiarabu, mtoto anaushika kwa sauti nzuri, na maana yake haifiki Kiswahili.

Ila na hapo pana tundu, na ni watu wetu wenyewe waliolitoboa. Mtu mzima aliyesoma sifa ishirini ukimkanya kuvaa hirizi anakujibu kwa kutumia sifa hizo hizo: "Mimi najua mtendaji ni Mungu, hii ni sababu tu, kama vile panadoli." Jibu hilo limetoka moja kwa moja kwenye somo la ada na sababu. Kwa mantiki ya Sanusi peke yake utapata taabu kumng'oa hapo, kwa sababu ameshakubali kwamba hirizi haitendi lolote. Utahitaji somo la pili, la uluhiya, linalosema kwamba Mtume (s.a.w.) amelikemea tendo lenyewe: katika hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad, mwenye kutundika hirizi amefanya shirki. Moyo unautegemea ule mfuko hata kama ulimi unakanusha. Mafungu matatu yanaona kitu hapa ambacho mtaala wa kwanza unakipita.

Kwa hiyo mpaka hapa mafungu matatu yanaongoza? Ningesema hivyo kama yangebaki kwenye mafunzo ya ibada. Lakini ndani yake mna dai moja la kihistoria lililobeba mzigo mkubwa, na dai hilo halisimami vizuri kama linavyosimamishwa.

Dai lenyewe ni kwamba makafiri wa Makka walikuwa na tauhidi ya rububiya, yaani walikubali Allah ndiye Muumba, Mruzuku na Mwendeshaji wa mambo, ila walipungukiwa na uluhiya. Muhammad bin Abdulwahhab alijenga juu yake hatua ya pili: basi Mwislamu anayetamka shahada huku akimwita walii aliyekufa yuko pale pale walipokuwa Makureshi. Akaongeza na ya tatu, kwamba shirki ya watu wa zama zake ni nzito zaidi ya ile ya kwanza, kwa sababu Makureshi walikuwa wakishirikisha wakati wa raha na kumtakasia Mungu dini wakati wa shida, na hawa wanashirikisha nyakati zote mbili. Hatua hizo tatu ndizo zilizofanya baada ya mapatano yake na mtawala wa Diriya, Muhammad bin Saud, ya mwaka 1744 Waislamu wapigwe vita kama washirikina. Ndugu yake mwenyewe, Sheikh Sulayman, aliandika kumpinga.

Wanaoukosoa mgao huu, na mmoja wa walioandika kwa ukali zaidi katika karne iliyopita ni Sheikh Yusuf ad-Dijwi wa chuo cha Azhar, Misri, wanarudi kwenye Qur'ani hiyo hiyo. Katika agano la Suratul Aaraf, aya ya 172, Mungu aliwauliza wanadamu: Je, Mimi siye Mola wenu, siye Rabbi wenu? Wakasema ndiye. Lau rububiya ingekuwa jambo ambalo hata mshirikina anao ukamilifu wake, agano lingekuwa na faida gani? Maiti kaburini anaulizwa Rabbi wako ni nani. Watu wa Adi walimwambia Nabii Hud kwamba baadhi ya miungu yao imemsibu kwa ubaya, kwa hiyo waliamini masanamu yanadhuru. Suratu Yasin inasema waliwachukua miungu wengine wakitaraji kusaidiwa nao. Na siku ya Kiyama watasema walikuwa katika upotofu ulio wazi walipowafanya sawa na Mola wa walimwengu, Rabbul Alamin. Watu hao walikiri Muumba wa mbingu, naam. Kukiri hivyo si sawa na kuwa na tauhidi ya rububiya, kwa maana waliigawa nguvu ya kunufaisha na kudhuru.

Upande wa pili nao wana la kujibu. Wanasema makusudio yao ni kukiri kwa jumla, hawadai kwamba kila Mkureshi alikuwa na rububiya kamili isiyo na doa. Nalikubali jibu hilo. Ila likishakubaliwa, kamba iliyomfunga Mwislamu anayeomba kaburini na Mkureshi inalegea. Ikiwa Makureshi walikuwa na mushkili hata katika kuamini nani ananufaisha na nani anadhuru, basi bibi wa Kiislamu anayeamini kwa dhati kwamba walii hamiliki chembe, akakosea katika namna ya kuomba, hawezi kuwekwa kundi moja nao bila ya kuulizwa anaamini nini.

Na huko makaburini kwenyewe mambo yamechanganywa. Mtu kumwomba Mungu kwa jaha, yaani hadhi, ya Mtume wake, ndiyo tawasuli, ni jambo moja. Mtu kumwita aliyekufa ampe mtoto ni jambo jingine. Mtu kumsujudia aliyekufa ni la tatu. Katika la kwanza wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani: Imamu Ahmad amepokewa kulikubali kwa Mtume, ash-Shawkani wa Yemen alilitetea, na Muhammad bin Abdulwahhab mwenyewe, pamoja na kutolipendelea, alisema ni suala la fiqhi na hamkemei anayelifanya. Wangapi wanaopaza sauti mimbarini dhidi ya tawasuli wanaijua kauli hiyo? Katika la pili naungana na wanaokataza. Sayyidna Umar ulipokuja ukame alitoka na Abbas, ami yake Mtume, akiwa hai, akaombewa mvua, na kisa kimo katika Bukhari. Njia ya kumwomba Mola iko wazi, na sioni kwa nini Mwislamu aipitishe kwa maiti. Lakini kati ya kusema "hili ni kosa, liache" na kusema "wewe ni kafiri, ndoa yako imebatilika" pana bahari nzima.

Wanaodhani kwamba kuondoa sifa ishirini ndiko kulikoondoa mambo ya makaburi huku kwetu wasome historia ya mwambao. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyeanzisha gazeti la al-Islah mwaka 1932, alikemea ushirikina na bidaa kwa Kiswahili kilichoeleweka na kila mtu. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na ambaye tafsiri yake ya Qur'ani ilikamilika kuchapwa mwaka 1969, aliendeleza kazi hiyo bila ya kuogopa lawama. Wote wawili walilelewa katika madhehebu ya Shafi na katika elimu ya vyuo hivi hivi vya mwambao. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilifunguliwa mwaka 1961, wakati Sheikh al-Amin alikuwa kaburini miaka kumi na minne. Basi mtu anaweza kusimama imara dhidi ya hirizi akiwa ametoka kwenye chuo cha sifa ishirini.

Kukufurisha nako hakukuwa dhambi ya upande mmoja. Muutazila walitumia mijeledi ya dola, tumeona. Sanusi naye, katika kitabu chake kikubwa cha itikadi, alielemea kauli kwamba imani ya mwenye kuiga tu, asiye na dalili, haimfai. Ukiifuata kauli hiyo hadi mwisho wake, mvuvi wa Kilwa aliyeswali miaka sitini bila ya kujua dalili ya kutokea kwa ulimwengu yuko nje. Ghazali, naye ni mkubwa katika watu wa kalamu, alikuwa amekwisha waonya watu wa namna hii karne nyingi kabla: wameibana rehema ya Mungu iliyo pana, wakaifanya Pepo wakfu wa kikundi kidogo cha wanakalamu. Nikimsoma Ghazali hapo naona maneno yake yanawafaa wa leo wa pande zote.

Ipo hadithi katika Sahihi Muslim ambayo imekuwa uwanja wa vita. Muawiya bin al-Hakam alitaka kumwacha huru kijakazi wake, Mtume (s.a.w.) akamwuliza yule kijakazi, "Yuko wapi Allah?" Akasema, "Mbinguni." Akamwuliza, "Mimi ni nani?" Akasema, "Wewe ni Mtume wa Allah." Akasema, "Mwache huru, hakika huyu ni muumini." Upande mmoja unaichukua kuwa dalili kwamba Mungu yuko juu ya Arshi kwa namna inayolingana naye, upande wa pili unasema kijakazi alikusudia utukufu, na mahali pana mwanzo na mpaka, Mola hana. Mjadala huo ni wa haki na vitabu vyake havihesabiki. Imamu Malik alipoulizwa habari za Arshi alisema kustawi (istiwaa, neno la Qur'ani kuhusu Mungu na Arshi) kunajulikana, namna yake haifahamiki, kuamini ni wajibu na kuuliza ni bidaa. Kila upande unainukuu kauli hiyo kwa faida yake. Kinachonishughulisha mimi ni kwamba mtihani ule ulikuwa na maswali mawili, na mtahiniwa alifaulu bila ya kuulizwa dalili ya uumbaji wala mgao wa tauhidi.

Zanzibar imewahi kubeba tofauti kubwa kuliko hii. Maibadhi, waliokuwa madhehebu ya masultani, wanasema Mungu haonwi kabisa, duniani wala Akhera, kwa sababu kuonwa kunahitaji upande na umbo, na hilo linagusa tauhidi. Masuni wanasoma aya za Suratul Qiyama zinazosema nyuso siku hiyo zitang'ara, zikimtazama Mola wao, na wanaona kumwona ndiyo neema kubwa ya Peponi. Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942 na kuteuliwa Mufti wa Oman mwaka 1975, ameandika kitabu kizima kutetea msimamo wa Kiibadhi katika kuonwa kwa Mungu, kuumbwa kwa Qur'ani na kudumu kwa wenye madhambi motoni. Haya si mambo madogo. Na bado katika Unguja ya masultani alikuwapo kadhi wa Kisuni na kadhi wa Kiibadhi, watu wakazikana na wakala pilau moja. Hawakuficha tofauti zao, waliziandika. Walichojinyima ni kutoana katika dini.

Nikiulizwa basi mtoto aanze na nini, nasema aanze na Qur'ani na ibada, kama Muadh alivyoagizwa: Mola wako ni Mwingi wa rehema, mwombe Yeye, mwogope Yeye, usimtegemee mwingine. Kwa kazi hiyo mafungu matatu yanafaa zaidi, na mwalimu wa sifa ishirini hapungukiwi na kitu akiyatumia. Akifika umri wa kuuliza, ambao siku hizi kwa sababu ya simu unafika mapema, apewe sifa ishirini na dalili zake, kwa Kiswahili, mlango baada ya mlango, asiachwe na mashairi tupu. Na lile dai la kwamba Waislamu wanaoomba makaburini ni Makureshi wa leo, au zaidi yao, litolewe kabisa kwenye mafunzo ya watoto. Mtoto wa miaka kumi hana elimu ya kulibeba, na nimesikia linavyotoka kinywani mwake likielekezwa kwa bibi yake.

Mtihani wa mwisho wa muhula nao ubadilike. "Taja sifa ishirini" na "Taja mafungu ya tauhidi" ni maswali ya kupima kumbukumbu. Mimi ningeweka mawili tu. La kwanza: mdogo wako anaumwa, jirani anamshauri mama yenu ampeleke kwa mganga anayetaka kuku mweusi, naye anasema Mungu ndiye mponyaji na kuku ni sababu, mjibu jirani kwa adabu na kwa dalili. La pili: mwenzako shuleni anasema kama kila kitu kina muumba basi na Mungu ana wake, mjibu. Chuo cha kizamani kitawaona watoto wake wakiteleza kwenye la kwanza, na madrasa ya siku hizi itawaona wake wakikwama kwenye la pili. Hapo walimu wa pande mbili watakuwa na sababu ya kuazimana vitabu.